Kabla ya turbo, geji ya joto la moshi
Wenye Land Cruiser za 1HZ mnaotaka kufunga turbo, geji ya presha ya turbo peke yake haitoshi, jamani. Injini hii ya lita 4.2 ilitoka kiwandani bila turbo. Fundi akishaifunga huongeza dizeli kwenye pampu ili gari livute, na dizeli ikizidi hewa, joto la moshi hupanda ghafla. Mshale wa joto la maji kwenye dashibodi hautakuambia. Unaweza kutulia pale katikati huku pistoni zinaungua.

Mwambie fundi aweke kipima joto kwenye manifodi ya ekzosi, kabla ya turbo. Kikikaa baada ya turbo kinasoma chini, pengine kwa nyuzi 100 au zaidi, nawe unadhani uko salama. Ukipanda mlima Kitonga na mzigo, mshale wa geji ya moshi ukikaribia nyuzi 700 za Selsiasi, rudisha gia na ulegeze mguu mapema, usisubiri kona inayofuata.

Geji ya presha ya oili nayo isikosekane, maana shafti ya turbo inaelea kwenye oili hiyohiyo ya injini. Na manifodi ifunguliwe kwanza ndipo itobolewe tundu la kipima joto, chembe za chuma zisije zikaingia kwenye turbo.