Siku 28 ni Nyingi kwa Asiye na Akiba

Kibarua kikiota nyasi hapa Toronto, ushauri wa kwanza utakaoupata msikitini, kanisani au kwenye kundi la WhatsApp ni mmoja: omba EI leo leo. Ni ushauri mzuri. Bima ya Ajira, ambayo kila mtu huiita EI, iliwekwa kwa ajili ya siku kama hiyo, na kila mwajiriwa hukatwa mchango wake kwenye mshahara apende asipende. Taabu huanza baada ya kuomba. Service Canada, ofisi ya serikali inayoshughulikia maombi hayo, imejiwekea lengo la kukulipa, au kukuarifu kwamba hulipwi, ndani ya siku 28, na inalenga kulitimiza kwa asilimia 80 ya maombi. Mwombaji mmoja kati ya watano anaweza basi kusubiri zaidi ya hapo na bado hesabu za ofisi zikaonyesha kuwa mambo ni shwari.

Kwa mtu wa kipato cha chini, kucheleweshewa mafao kunaleta madhara yale yale ya kunyimwa. Na serikali ina uwezo mkubwa zaidi wa kupunguza ucheleweshaji huo kuliko inavyokiri.

Tuanze na swali la fedha hizi ni za nani, kwa sababu wengi wetu huingia ofisini kwa unyonge kana kwamba tunaomba sadaka. Canada ilibadilisha Katiba yake mwaka 1940 ili serikali kuu ipate mamlaka ya kuanzisha bima hii, na michango ikaanza kukatwa mwaka 1941. Serikali ilikuwa ikichangia fungu lake hadi mwaka 1990, ikaacha. Tangu hapo mfuko unajazwa na wafanyakazi na waajiri, na mwajiri hulipa mara 1.4 ya anachokatwa mfanyakazi. Akaunti ya zamani ilipofungwa, vitabu vilionyesha ziada ya zaidi ya dola bilioni 57, fedha ambazo zilikwisha kutumika kwa shughuli nyingine za serikali. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Canada iliamua kwamba michango ya miaka ya 2002, 2003 na 2005 ilitozwa bila idhini halali ya Bunge. Mfuko wenye historia hiyo hauna haki ya kumtazama mchangiaji kama mtu aliyekuja kukinga mkono.

Sasa tuangalie siku 28 hizo katika maisha ya mtu. Kima cha chini cha mshahara Ontario tangu Oktoba 2025 ni dola 17.60 kwa saa. Anayefanya saa 40 anapata dola 704 kwa wiki, na EI inamrudishia asilimia 55, yaani kama dola 387 kabla ya kodi. Nyumba ya kupanga ya chumba kimoja cha kulala Toronto mara nyingi hupita dola 2,000 kwa mwezi. Hata mafao yakija kwa wakati hayatoshi kodi ya nyumba, na yakichelewa, mwenye nyumba hasubiri. Nyumbani Afrika nako kuna ada ya shule ya mdogo wako, dawa za mzazi, na simu inayoita kila mwisho wa mwezi. Watu huziba pengo kwa kadi za mkopo na kwa kukopa kwa ndugu, kisha mafao yanapofika yote yanaishia kulipa madeni.

Chanzo kikubwa cha ucheleweshaji kiko nje ya mikono ya mwombaji. Mwajiri anatakiwa kutoa hati ya ajira, ile tunayoiita ROE, ndani ya siku chache baada ya kazi kukatika. Hati hiyo ina kisanduku namba 16 ambamo mwajiri huandika herufi moja ya sababu. A ni kazi kupungua au mkataba kuisha, E ni kuacha mwenyewe, M ni kufukuzwa, K ni sababu nyinginezo. Herufi hiyo moja ndiyo inayoamua kama faili litapita moja kwa moja au litawekwa kando kusubiri ofisa apige simu pande zote mbili. Aliyeacha kazi bila sababu inayokubalika kisheria, au aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, hapati mafao ya kawaida kabisa. Kwa hiyo karani wa malipo akibonyeza E badala ya A, wewe uliyepunguzwa unageuka mtu wa kujitetea.

Wanaoumia zaidi hapa ni wale wanaofanya kazi za maghala na viwanda kupitia mawakala, huko Brampton, Mississauga na Etobicoke, ambako Waafrika Mashariki wengi huanzia maisha. Katika mwaka mmoja mtu anaweza kupita kwa mawakala watatu, na saa za kila mmoja zinahitajika kufikisha kiwango cha kustahili EI. Kiwango chenyewe hupanda na kushuka kati ya saa 420 na 700 kulingana na ukosefu wa ajira katika eneo. Hati moja ikikosekana, hesabu yote inapungua. Sheria inasema mwajiri asiyetoa hati anaweza kutozwa faini ya hadi dola 2,000 au kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Adhabu hiyo inakaa vizuri kwenye karatasi, lakini siku anayolala njaa mfanyakazi haimgusi mwajiri. Madereva wa Uber hawako hata kwenye foleni hii, maana wanahesabiwa kuwa wamejiajiri na mafao ya kawaida ya EI hayawahusu.

Kuna pia ripoti ya kila wiki mbili. Inauliza kama ulikuwa tayari na uwezo wa kufanya kazi kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kama ulisoma, kama ulitoka nje ya Canada. Mama aliyekaa siku mbili hospitalini na mtoto anajibu kwa ukweli kwamba hakuwa na nafasi, na siku hizo zinaweza kukatwa. Suala la safari ndilo linalotugusa sana. Ukifiwa na mzazi unaruhusiwa kuwa nje siku saba mfululizo bila kupoteza mafao. Hesabu mwenyewe: kutoka Toronto hadi Kigoma au Bukavu, siku mbili zinaishia njiani kwenda na mbili kurudi. Anayekaa hadi matanga yaishe anapoteza mafao ya siku zilizozidi, na anayeficha safari atakuja kugundulika kwa kumbukumbu za mpakani, alipe deni pamoja na adhabu. Sharti hili liliandikwa na watu ambao misiba yao iko umbali wa saa chache kwa gari.

Upande wa pili una hoja, na ni nzito. Mwaka 2020, korona ilipofunga miji, serikali ilitoa dola 2,000 kwa kila wiki nne, kwanza ilipe, ukaguzi baadaye. Fedha ziliwafikia watu kwa siku chache na nyumba nyingi zilinusurika. Lakini Desemba 2022 Mkaguzi Mkuu, Karen Hogan, aliripoti kwamba dola bilioni 4.6 za misaada ya korona zilikwenda kwa wasiostahili, na nyingine zisizopungua bilioni 27.4 zilihitaji kuchunguzwa. Baadhi ya watu wetu waliopokea kwa nia njema, bila kuelewa masharti, waliletewa barua za kurudisha fedha walizokwisha kula. Kasi bila uhakiki huhamisha maumivu tu, kutoka mwezi wa kwanza hadi mwaka wa tatu.

Hata hivyo, EI haifanani na msaada ule. Mwombaji wa EI ana rekodi tayari, kwa sababu michango yake ilikatwa na mshahara wake unajulikana. Ndiyo maana naunga mkono malipo ya awali. Siku ya 28 ikipita bila uamuzi, na kumbukumbu za malipo zikionyesha kuwa mtu alifanya kazi, alipwe sehemu ya mafao huku uchunguzi ukiendelea, na kama hati ya mwajiri ndiyo inayokosekana, gharama ya kuikimbiza iwe ya serikali na mwajiri. Wapo watakaosema mitambo haiwezi. Ni kweli kwamba mfumo wa kompyuta unaoendesha EI una umri wa karibu nusu karne, na mradi wa kuufanya wa kisasa pamoja na mifumo ya pensheni ulikadiriwa dola bilioni 1.75 mwaka 2017, ukafika bilioni 2.5 mwaka 2022. Lakini Machi 2025, ushuru wa Marekani ulipotishia viwanda, serikali hiyo hiyo yenye mitambo hiyo hiyo ilisimamisha kwa muda wiki moja ya kusubiri isiyolipwa. Utashi ulipopatikana, njia ilipatikana.

Sisi nasi tuna la kujirekebisha. Wengi tuliotoka Tanzania tulizoea fao la kujitoa, ambapo mtu alichukua michango yake kama akiba. Hata huko, tangu mageuzi ya mwaka 2018, NSSF ina fao la upotevu wa ajira linalolipa theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita, na lina masharti yake. EI vilevile ni bima, na bima huenda kwa tarehe na vithibitisho.

Kwa hiyo usingoje ROE ndipo uombe. Ukipitisha wiki nne tangu siku ya mwisho kazini unaweza kupoteza sehemu ya mafao, na kutojua sheria kwa kawaida hakukubaliki kama udhuru. Jaza ripoti kila wiki mbili hata kama hujaona senti. Tunza karatasi za mshahara za kila wakala. Mliotoka Kongo au Burundi, kama Kifaransa ni chepesi kwenu, dai huduma kwa Kifaransa, kwani ni haki yenu. Siku 28 zikipita, nenda ofisi ya mbunge wako wa shirikisho. Ofisi hiyo ina wafanyakazi wa kufuatilia mafaili kama haya, na huhitaji kuwa raia wala mpiga kura wake. Ukikosa kabisa, omba Ontario Works, msaada wa jamii wa jimbo, ukijua kwamba kiasi cha juu kwa mtu mmoja ni dola 733 kwa mwezi na kwamba watajirudishia kutoka kwenye EI itakapotoka. Na ikija barua ya kukataliwa, una siku 30 za kuomba uamuzi uangaliwe upya, kisha siku 30 nyingine za kukata rufaa. Kliniki za sheria za jamii husaidia wenye kipato kidogo bila malipo. Nenda wiki ile ile barua inapofika.