Kupanda Tumejua, Kukata Bado



Kila mwaka, mvua za Septemba zinaporudi na Kanisa linapoanza Kipindi cha Uumbaji, vikundi vyetu vya parokia hushika majembe na kupanda miti. Ni desturi njema, na heri yule aliyeianzisha. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba tumejifunza nusu tu ya somo. Kupanda tumefundishwa, kukata hatujafundishwa. Na hapa Nyangezi, kama Bukavu na kama Kivu yote, chungu huinjikwa juu ya makala na kuni. Kukata tutakata, leo na kesho. Linalobaki ni kujua tutakata kwa namna gani.

Katika jambo hili mwalimu wetu anaweza kuwa msanii. Nchini Uganda yupo mchapaji wa picha aitwaye Fred Mutebi, aliyesoma sanaa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Yeye huchonga picha katika ubao, na picha moja yenye rangi nyingi hutoka katika ubao mmoja. Huchonga kidogo, hupaka rangi, huchapa nakala zote anazozihitaji. Kisha huurudia ubao uleule, huchonga tena, hupaka rangi nyingine na kuichapa juu ya ile ya kwanza. Kila rangi mpya hudai sehemu nyingine ya ubao iondolewe. Picha inapokamilika, ubao umekwisha kuliwa na patasi, wala hakuna njia ya kurudi nyuma ili kuchapa hata nakala moja zaidi.

Basi mchapaji wa namna hii hawezi kukata kwa pupa. Kabla ya patasi kugusa mti, lazima ajue ni nini kitakachobaki. Sisi tunapoingia msituni na panga, mara nyingi tunajua tu kile tunachokichukua.

Milima yetu ni ubao wa namna hiyo. Udongo ulioteremka hadi Ruzizi haupandi tena mlimani. Mwezi wa Mei 2023, huko Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 400. Mvua ile haikuamriwa na mtu. Lakini kila mkulima wa mteremkoni anajua kwamba kilima kilichonyolewa hakina mizizi ya kuushika udongo. Na Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoandikwa na UNESCO mwaka 1980 kuwa urithi wa dunia, imo tangu 1997 katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mutebi hakuishia kwenye karatasi. Amefanya kazi pamoja na wakulima wa Bukomansimbi, kusini mwa Uganda, ili mti uitwao mutuba upandwe na kutunzwa. Ni mti wa jamii ya mtini, na gome lake ndilo Waganda walilolitumia tangu zamani kutengeneza nguo. Mvunaji hulibandua gome kwa uangalifu, kisha hulifunika shina kwa majani ya mgomba, kama mtu afungaye jeraha. Gome jipya huota, na mti uleule huvunwa tena kwa miaka mingi. Watu hao huchukua, tena huchukua kila mara, na mti unaishi.

Maarifa hayo hayako Afrika peke yake. Mwaka 1648, Rembrandt wa Uholanzi alichora juu ya bamba la shaba picha ya Mtakatifu Yeronimo akiandika. Mtakatifu amekaa pembeni, mdogo. Katikati limesimama shina kuukuu la mti ambao wakulima wa huko huukata kichwa tu ili uchipue upya. Na kweli, katika lile shina lenye makovu, vichipukizi vinaonekana. Msanii alimpa mti uliokatwa kwa busara heshima ya kusimama karibu na mwalimu wa Maandiko.

Najua jibu litakalotolewa. Mama anayeteremsha gunia la makala hadi Bukavu hana nafasi ya kusikiliza habari za picha. Watoto wanangoja, na vita vimemnyang'anya shamba. Jibu hilo ni la kweli, na asiwepo kijana wa parokia atakayemhukumu mama huyo. Lakini ni yeye hasa atakayekosa kuni miti ikiisha, na ni nyumba yake iliyo chini ya mteremko. Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, huwakataza hata wanajeshi wanaouzingira mji kuikata miti ya matunda. Ikiwa vita havikuwa udhuru kwao, umaskini wetu nao utuongezee akili badala ya kutuondolea.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, mwisho wa kiangazi, kabla ya kupanda miche mipya, kila kikundi kihesabu miche ya mwaka jana iliyo hai na kuitangaza hesabu hiyo kanisani, hata kama inatia aibu. La pili, tuwaombe wazee na wataalamu wa kilimo watufundishe kupunguza matawi ya grevilea na kaliandra mipakani mwa mashamba, tupate kuni bila kung'oa shina. La tatu, wenye kipaji wachonge katika vibao vidogo sura za miti ya hapa, na majina yake ya Kimashi, wazichape kwa ajili ya kalenda ya parokia. Mtu aliyelichora jani, mshipa kwa mshipa, hawezi tena kuuita mti ule kichaka tu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mwenye shamba aliamuru mtini usiozaa ukatwe. Mtunzaji aliomba mwaka mmoja zaidi, akaahidi kuupalilia na kuutia mbolea. Hakukana kwamba shoka lina siku yake. Alitaka kwanza kufanya kazi yake. Bwana atujalie sisi nasi mikono ya mtunzaji yule.