Ngeli Zikaguliwe Kabla ya Programu Kuundwa

Yapo mazoea ya kuwaita wataalamu wa Kiswahili baada ya programu ya tarakilishi kukamilika na kuwapa orodha ya maneno wayatafsiri. Mazoea hayo hayafai. Mnamo 1976, Michael Fagan wa kampuni ya IBM alichapisha utaratibu wa kukagua usanifu wa programu hata kabla ya msimbo kuandikwa, kwani dosari iliyomo katika ramani ni nafuu kuirekebisha kuliko ile iliyokwisha kujengewa kuta.

Dosari ya lugha nayo huanzia kwenye ramani. Msanifu anayefikiri kwa Kiingereza huandaa tamko moja la kufuta, kisha huacha pengo la nomino. Kwa Kiingereza pengo hilo halina taabu. Kwa Kiswahili, jedwali limefutwa, picha imefutwa, kiambatisho kimefutwa. Na wingi nao una yake. Mfasiri anayeletewa kitenzi pekee, bila nomino yake, atafanyaje ila kubahatisha? Halafu lawama humwangukia yeye!

Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilidhihirisha kwamba istilahi zapatikana. Kinachokosekana ni mwanaisimu kuketi mezani siku mchoro wa kwanza unapojadiliwa, na tena programu inapojaribiwa, akiwa na mamlaka ya kuagiza tamko ligawanywe kwa kadiri ya ngeli. Nazo idara za Kiswahili na za sayansi ya tarakilishi, mara nyingi, hutenganishwa na ua tu.