Radi, Ramli na Akili ya Muumini

  

Ndugu Waislamu, mji wetu umebeba jina ambalo ni amri. Wazee wa Kifipa hutuambia kuwa "sumba wanga" maana yake ni tupa uchawi. Tunaisoma amri hiyo kila siku juu ya vibao vya maduka na ubavuni mwa mabasi, na kwa kuizoea haituambii tena kitu. Lakini kilichoamriwa kutupwa ni nini hasa? Ni pembe na hirizi peke yake, au pia ile tabia ya kumtafuta jirani wa kubebeshwa kila msiba?

Msimu wa mvua uliopita radi ilimuua kijana mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe katika kijiji kisicho mbali na hapa mjini. Tulimzika. Siku ya pili ya matanga likaanza neno la chini kwa chini: kuna bibi mmoja mjane aliyegombana na baba wa marehemu juu ya mpaka wa shamba. Siku ya tatu neno likawa habari, na mpiga ramli akaitwa kuithibitisha. Usiku wa siku ya nne bibi yule alitoroka na kanga mbili na sufuria, akakimbilia kwa binti yake. Mwandishi wa tahariri hii alikuwepo. Nilisoma dua, nikala chakula cha msiba, nikayasikia maneno yale yakihama kutoka mkeka hadi mkeka, na nikanyamaza. Nilijiambia kuwa baba analia, si wakati wa kufundisha.

Baadaye nilikumbuka kuwa Mtume (S.A.W) naye alikuwa akilia. Siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 Hijria, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto yule. Uvumi ule ulikuwa wa kumtukuza yeye, wala haukumdhuru mtu. Hata hivyo, katika huzuni yake, aliwafundisha watu kwamba jua na mwezi ni Aya mbili za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote, kisha akawaelekeza kwenye swala. Ikiwa uvumi usiomdhuru mtu haukuachwa upite, vipi tuuachie uvumi unaomfukuza mjane nyumbani kwake?

Wako watakaosema: "Ustadh, unataka kukanusha sihiri iliyotajwa ndani ya Qur'an?" Hasha. Aya ya 102 ya Suratul-Baqara iko wazi, na Aya hiyo hiyo inatujulisha kwamba hao hawamdhuru yeyote ila kwa idhini ya Allah. Lakini mwanafunzi wa mantiki wa mwaka wa kwanza anajua kwamba kutoka kauli ya "sihiri ipo" hakuna njia ya mkato ya kufika kauli ya "bibi fulani ndiye aliyetuma radi." Kati ya kauli hizo mbili kuna bonde pana kuliko Bonde la Rukwa, na daraja lake ni moja tu: bayyina, ambayo ni juu ya mwenye kudai. Fuqahaa wanasema pia kuwa yakini haiondolewi kwa shaka, na yakini yetu juu ya bibi yule ni kwamba ni mtu asiye na hatia.

Mpiga ramli hulivuka bonde hilo kwa kioo. Katika miaka ya 1930 walitoka Nyasaland vijana walioitwa wachape, wakapita katika nchi hizi na vioo vidogo na dawa ya kumaliza uchawi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tanganyika ikiwa imekwisha pata uhuru, kazi ile ile ilirudi Ufipa kwa jina la Kamchape, na msomi wa Kiingereza Roy Willis, aliyeishi na Wafipa wakati huo, akaiandikia makala mwaka 1968. Siku hizi tunasikia ya lambalamba. Mwenye akili na aulize: kama dawa ya babu ilimaliza uchawi, ya baba ilikuja kumaliza nini? Na wale wa kwetu wanaofunika ramli kwa kitabu cha Kiarabu wasijione salama. Herufi za Kiarabu haziigeuzi kuwa elimu ya dini.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la anayesema radi ni amri ya Allah, basi kuichunguza ni ukosefu wa imani. Imam al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria), ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kuwaabudu wanafalsafa, aliandika katika utangulizi wa Tahafut al-Falasifa kwamba anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua akidhani anaitetea dini, huyo anaidhuru dini. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa na watu wakakusanyika Rujewa mkoani Mbeya kulitazama, saa ilijulikana mapema. Kuijua saa hakukuifuta Swala ya Kusuf.

Na radi ni hivyo hivyo. Hewa yenye joto na unyevu hupanda kutoka bondeni, kwenye kimo cha mita 800 hivi, hadi uwanda huu wetu wa mita 1,700 na zaidi. Huko juu hupoa, mawingu hurundikana, chembe za barafu hugongana ndani yake na umeme hujikusanya. Ukitafuta njia ya kushuka, mara nyingi hupita katika kilichoinuka: mti ulio peke yake, mnara, mchungaji aliyesimama uwandani. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda, Bukombe mkoani Geita. Walikuwa na ugomvi wa mpaka na nani?

Mtume (S.A.W) alimwamuru bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee. Kumfunga ngamia kwetu ni kuwaita watoto ndani mara ngurumo isikikapo, kutojikinga chini ya mti, na kuweka juu ya majengo yetu ufito wa chuma uliounganishwa kwa waya mnene hadi ardhini, kinga inayojulikana tangu karne ya 18. Tumechangishana fedha nyingi kwa ajili ya minara ya misikiti. Ni mingapi iliyo na waya huo?

Kisheria pia, Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa tangu mwaka 1928, haimwadhibu mwenye kudai uchawi peke yake, bali na anayemsingizia mwenzake. Lakini bibi yule hajafungua kesi. Anachotaka ni kuvuna mahindi yake.

Imamu wa kijiji kile nami tumeahidiana kwenda, Inshaallah, Ijumaa ijayo baada ya swala, kwanza kwa baba wa marehemu, kisha shambani kwenye ule mpaka. Atakayependa kufuatana nasi atukute msikitini.