Nafasi Pasipo Njia

Yako maneno ambayo sisi watu wa Kigoma na Ujiji huyasema kwa moyo mweupe, nayo ni mabaya. Kijana asiyeona, au kiziwi, au mwenye ualbino, au asiyeweza kutembea, akichaguliwa kwenda Chuo Kikuu, twashangilia, twamchangia nauli, kisha twasema: "Amekwisha kupewa nafasi, yaliyobaki ni juhudi yake." Leo nataka kuyapinga maneno hayo.

Tazameni mfano ulio karibu. Wilayani Kasulu iko Shule ya Msingi Kabanga Mazoezi. Miaka ya 2008 na 2009, watu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa na kuuawa kwa ajili ya ushirikina, watoto wengi walikimbiziwa pale wapate kuwa salama. Watoto wa siku zile sasa wamekuwa watu wazima. Je, waliokolewa na panga ili wakashindwe na ubao? Mwenye ualbino mara nyingi huona kwa shida yaliyo mbali, wala miwani haiondoi shida hiyo yote. Ikiwa mhadhiri anaandika ubaoni bila kusema anachoandika, kijana huyo yumo ukumbini kwa mwili tu. Kwa elimu yuko nje.

Huyo hahitaji machozi yetu. Ahitaji maandishi makubwa, kiti cha mbele, na karatasi za somo mapema. Asiyeona ahitaji vitabu vya nukta nundu, au kompyuta isomayo kwa sauti. Kiziwi ahitaji mkalimani wa lugha ya alama. Mwenye kiti cha magurudumu ahitaji njia isiyo na ngazi, na choo anachoweza kukiingia.

Wako watakaosema, "Huo ni upendeleo. Mtihani ni mmoja, na saa ni zile zile." Neno hilo Baraza la Mitihani limekwisha kulijibu. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Nao wenye uoni hafifu hupewa karatasi ya maandishi makubwa. Dakika hizo hazimpi mtu jibu hata moja. Humpa wasaa wa kuliandika lile analolijua. Basi, ikiwa ni haki kwa mtoto wa darasa la saba, kwa nini iwe upendeleo kwa kijana wa Chuo Kikuu?

Nanyi watu wa ziwani mwalijua jambo hili kuliko mimi. Miaka ile meli ya Liemba ilipokuwa ikisafiri toka Kigoma mpaka Mpulungu, vijiji vingi havikuwa na gati. Meli ilisimama majini, mitumbwi ikaiendea, watu wakapanda na kushuka. Nani alisema kwamba watu wa vijiji vile wamependelewa? Nauli walilipa kama wengine. Mtumbwi ulikuwa njia yao ya kuifikia meli.

Siandiki kama mtu asiye na kosa. Mwaka mmoja nilikuwa na mwanafunzi mwenye ualbino aliyenakili kila siku daftari la jirani yake. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, naye akanyamaza. Ndipo jirani yake akaniambia, "Mwalimu, haoni ubao." Nilikuwa nimemfundisha miezi mitano! Tangu siku ile nasoma kwa sauti kila niandikacho, wala kazi hiyo hainigharimu hata senti moja.

Wala mtu asiseme kwamba jambo hili ni geni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kupokea wanafunzi wenye ulemavu mwaka 1978. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wataja elimu ya juu waziwazi. Na Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ilitungwa mwaka 2010. Iko pia Bodi ya Mikopo, nayo mikopo yasaidia sana. Lakini mkopo hauwezi kuondoa ngazi mlangoni, wala kumfundisha mhadhiri lugha ya alama.

Sasa neno hili limefika nyumbani kwetu. Katika mradi wa serikali wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimepangiwa kampasi hapa Kigoma. Tushangilie, ndiyo, lakini tuulize pia. Madarasa ya juu yafikiwa kwa njia gani? Vitabu vya nukta nundu viko wapi? Nani atakayemfasiria kiziwi? Njia ya mteremko hujengwa kwa saruji ile ile ya ngazi, bali kubomoa na kujenga tena ni gharama mara mbili.

Basi ndugu zangu, wazazi msimfiche mtoto kwa kusema chuo si chake. Walimu wenzangu, tusingoje kuambiwa na jirani wa dawati. Nanyi wazee, mkikutana na diwani au mbunge, msimwombe sadaka kwa ajili ya vijana hawa; mwulizeni njia iko wapi, na msiondoke mpaka awajibu.