Msiniite Mshumaa

Wenzangu wa kalamu, kuna shairi ambalo kila kijana anayejifunza kuandika lazima aliandike. Nasema lile la mwalimu. Beti sita au saba, vina vimepangwa sawasawa, na kabla hujafika ubeti wa tatu mwalimu keshageuzwa mshumaa: anajiunguza ili wengine waone. Nimeyasikia mengi, mengine yametungwa na wanafunzi wangu mwenyewe. Siku ya mahafali yanasomwa kwa sauti, wazazi wanapiga makofi, mkurugenzi wa shule anatikisa kichwa kwa kuridhika. Na kwa nini asiridhike? Mshumaa hauombi likizo, wala hauna mtoto anayeuuliza utarudi lini.

Mimi ninaye. Ana miaka minane, yuko Migori na mama yake na nyanya yake, nami niko Mwanza, huu mwaka wa nne, nafundisha hisabati na fizikia katika shule moja ya binafsi, ya bweni, yenye msingi na sekondari, ambayo jina lake nalihifadhi. Naomba kwanza muelewe kwamba Migori na Mwanza si mbinguni na ardhini. Unapanda basi la asubuhi, unapita Bunda, unapita Tarime, unafika Sirari mpakani, kilomita mia tatu na ushei, unavuka, unadaka matatu, na giza likiingia unakula ugali kwako. Pesa ndizo zinazokwenda mbio zaidi. Tangu mwaka 2015 M-Pesa ya Tanzania na ya Kenya zinapokeana, kwa hiyo nikibonyeza hapa, simu ya mama watoto inalia kule kabla sijairudisha yangu mfukoni. Mshahara wangu unavuka mpaka kila mwezi. Mwenye mshahara, mwaka jana, alivuka mara mbili.

Sasa tuache ushairi kidogo tufanye hesabu, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku. Ukizidisha, unalipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku ina nyongeza yake. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Haisemi kwamba haya ni ya raia tu na mgeni atajijua. Basi njoo na kalamu uhesabu pamoja nami. Nikiwa zamu, saa kumi na moja alfajiri niko mabwenini naamsha watoto. Vipindi vyangu ni 32 kwa wiki, na madaftari ya vipindi 32 mnayajua. Saa kumi jioni vinaanza vipindi vya ziada kwa madarasa ya mitihani. Saa moja usiku ni prepu, hadi saa tatu na nusu. Halafu tunahesabu vichwa vitandani. Jumamosi asubuhi kuna jaribio, na jaribio la Jumamosi lazima lisahihishwe kabla ya Jumatatu kwa sababu mzazi analipa ada aone alama. Wiki moja ya mwezi wa tisa niliandika saa zangu zote nyuma ya daftari la maandalio. Zilifika 74. Sijawahi kulipwa hata saa moja ya ziada, na nilipouliza niliambiwa kwa upole kabisa: "Mwalimu, si unakaa hapahapa?"

Ninakaa hapahapa. Nyumba niliyopewa, ambayo kwenye mkataba imeandikwa kuwa ni marupurupu, ni chumba na sebule mwishoni mwa bweni la wavulana. Tunachangia ukuta. Mtoto akikohoa saa nane usiku anakohoa kitandani kwangu. Nampeleka kwa matroni, namngoja anywe dawa, namrudisha, namfunika. Najua yupi anaogopa radi na yupi ana pumu. Naona hata aibu kuandika kwamba mtoto wangu alipoanza kung'oa meno ya utoto niliona pengo kwenye picha ya simu.

Mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilitoa waraka wa kusitisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba mtoto mdogo anahitaji kukaa na wazazi wake, apate malezi ya nyumbani. Waraka mzuri, mimi nauunga mkono kwa mikono miwili. Tuliusoma kikaoni. Kwenye benchi nililokaa tulikuwa walimu sita, Wakenya na Waganda, na wanne kati yetu tulikuwa na watoto wa umri huohuo waliobaki ng'ambo ya mpaka, kwa nyanya, kwa shangazi, kwa dada wa kazi. Tulitazamana. Kumbe watoto wote wadogo wanahitaji wazazi, isipokuwa wa mwalimu!

Mtaniambia, likizo je? Ngojeni. Shule za Kenya hufunga Aprili, Agosti, na mwisho wa mwaka. Shule za Tanzania likizo yake ndefu ya katikati ya mwaka ni Juni. Maana yake, mwanangu akiwa nyumbani Aprili na Agosti, mimi nina chaki mkononi. Nikifunga Juni, yeye yuko darasani. Tunakutana Desemba tu, kama Mungu na mkurugenzi wakipenda, kwa sababu Juni na Desemba ndizo za kambi. Ninyi mliosoma bweni mnaijua kambi: darasa la mtihani linabaki shuleni likizo nzima kukaririshwa, wenzao wako nyumbani wanaangalia katuni. Serikali imekataza masomo ya likizo mara kadhaa, lakini lango la shule likifungwa nani anaona? Walimu wazawa wengi wana kwao karibu, wana misiba, wana mashamba, wana wazee wa kuwaombea ruhusa. Mgeni ndiye anayebakishwa. "Wewe huna pa kwenda." Nimeambiwa hivyo na mtu mwenye heshima zake, anayejua vizuri kwamba nina pa kwenda, na nauli anaijua.

Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora. Nilikuwa mgeni kabisa hapa, nikasema afadhali, mbio zitapungua. Wapi! Bango la getini likawa kubwa zaidi, na majina ya waliopata daraja la kwanza yakaandikwa kwa rangi nyekundu.

Sasa niwaulize wanaopenda maneno. Yule mwalimu aliyetoka Manchester kuja kufundisha shule ya kimataifa, ya ada za dola, anaitwa nani? Anaitwa mtaalamu wa kigeni. Kawaida mkataba wake una tiketi ya ndege ya kwenda kwao, una nyumba, una nafasi ya watoto wake shuleni, kwa sababu waliomwajiri waliona dhahiri kwamba mtu huyo ana familia na bila familia atakimbia. Mimi niliyetoka Migori naitwa "mwalimu wa Kenya". Kibali chetu ni kilekile. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inatutambua sote kwa jina moja: mgeni. Miezi 24, unaomba tena. Lakini mmoja ameletwa na familia yake ndani ya mkataba, mwingine ameletwa kama mfuko wa saruji, ukishushwa umeshushwa. Simwonei wivu Mwingereza. Ninachosema ni kwamba ushahidi upo: waajiri wanajua kuandika mkataba wa mtu mwenye watoto. Wanachagua nani wa kumwandikia.

Na kibali chenyewe kimefungwa kwa mwajiri. Leo nikigombana na bosi, kesho siwezi kuhamia shule ya jirani hivihivi; mambo yote yanaanza upya, ada za kibali zinaanza upya. Tunaambiwa kuna Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tangu Julai 2010, watu na kazi zitembee. Maparachichi yanatembea.

Kuna wanaonijibu kwa maneno mawili: si urudi? Kijana, umewahi kuhesabu walimu waliofuzu Kenya wakakaa nyumbani? Serikali ilisimamisha kuajiri walimu wapya kwa jumla mwishoni mwa miaka ya 1990, ikawa inajaza tu nafasi za waliostaafu na waliokufa, na foleni iliyoanza wakati ule haijapata kuisha. Juzijuzi, 2023, sekondari ya chini ilipofunguliwa, walimu wenye vyeti kamili waliingizwa darasani kwa jina la wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, hadi wakagoma 2024 na mahakama ikakosoa mpango wenyewe. Mwanagenzi wa nini, mtu aliyesoma miaka minne chuo kikuu? Hapo ndipo mnaponiambia nirudi.

Wengine: si umlete mtoto? Nimlete wapi, kwenye ukuta wa bweni? Mama yake naye ni mwalimu, ana kazi yake na ameitafuta kwa jasho. Akija huku anakuja kama tegemezi, haruhusiwi kufanya kazi bila kibali chake mwenyewe. Na mtoto yuko Gredi ya Tatu, mtaala wa umilisi, hauulizi tena KCPE kwani ilifutwa baada ya 2023. Huku mtaala nao umebadilishwa kuanzia 2024. Nikimvusha leo na kibali changu kikiisha mwakani, atakuwa amerudishwa nyuma mara mbili kabla ya kujua kugawanya kwa tarakimu mbili.

Lakini wanaonichefua kuliko wote ni wale wa semina. Mwaka jana shule ililetewa mzungumzaji kutoka mjini aje atufundishe "kusawazisha kazi na familia". Alikuwa na suti nzuri na maneno matamu. Semina iliwekwa Jumamosi alasiri, nusu siku pekee tuliyokuwa nayo ya kufua na kupiga simu. Akatuambia tatizo ni mpangilio wa muda. Tuandike ratiba. Tupumue kwa kina. Tutenge dakika 20 za maana kila siku na wapendwa wetu. Mwalimu mmoja wa Jinja, mama wa watoto watatu, alinyoosha mkono akauliza: dakika hizo 20 zitoke kwenye prepu au kwenye kuhesabu vichwa? Mzungumzaji akacheka. Hakujibu.

Ratiba ninayo, bwana. Naandika ratiba ya shule nzima, kwa mkono, na penseli na kifutio. Naweza kukupangia walimu 28 na madarasa 14 pasiwe na mgongano hata mmoja. Prepu ikiisha saa tatu na nusu, nikipiga simu Migori mtoto amelala saa moja iliyopita. Nikipiga saa kumi na mbili jioni, kabla ya prepu, yeye anaoga au anakula, na mimi nina dakika kumi na tano na sijala. Siku moja alinitega mapema, akaomba nimweleze sehemu: nusu na robo ipi kubwa. Nikaanza vizuri tu, chukua chapati, ikate mara mbili... kengele ikalia. Nikamwambia nitakupigia. Nikaingia darasani nikafundisha watoto 43 wa wenyewe, na siku hiyo, nawaambieni kweli, nilifundisha vizuri sana. Nilipokuja kumpata tena, kijana wa jirani alikuwa keshamweleza. Kwa chungwa.

Kwa hiyo, wenzangu, mnapoandika mwalimu ni mshumaa mnamsaidia mtu fulani, na si mimi. Mnamsaidia yule anayetaka saa 74 zilipwe kwa sifa. Na nyinyi wa hadithi, mbona mgeni wenu kila siku yuko Ulaya, theluji, baridi, ubaguzi, na mwishowe barua kutoka kwa mama? Mgeni yuko hapa jirani, anasema Kiswahili, Kiswahili chake kinachekwa ofisini ("ati umesema nini? wacha?"), na anauguza watoto wa watu usiku. Mwandikeni huyo. Mwandikeni na saa zake, na kiasi kilichokatwa kwenye mshahara kwa ajili ya kibali ambacho alidhani mwajiri ndiye analipa. Vina mtavipata tu.

Mkataba wangu unaisha Desemba. Nimeandika barua, ukurasa mmoja, Kiswahili sanifu, sikuweka methali. Nadai mambo manne: zamu za usiku zifanywe na patroni aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, saa za ziada zilipwe kama sheria isemavyo, kambi isiguse siku zangu 28, na wiki moja ya Agosti, bila malipo kama ni lazima, nikae na mtoto wakati wa likizo yake. Nimempa mwalimu wa Jinja aisome, akaniomba kalamu akaweka sahihi yake chini ya yangu. Kufikia Ijumaa tulikuwa saba, wawili kati yetu Watanzania.

Meneja ameipokea. Amesema atatujibu matokeo ya kidato cha nne yakishatoka. Hayo hutoka Januari.