Biashara ya michezo: Ligi Kuu ikipumzika Dar, mafunzo yapo Mwimbi

OKTOBA 22, 2020, Simba, waliokuwa mabingwa watetezi wa Ligi Kuu Tanzania Bara, walilala kwa bao 1-0 mbele ya Tanzania Prisons kwenye Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Desemba 31 mwaka huo huo, Yanga nao walilazimishwa sare ya 1-1 kwenye uwanja huo.

Kurasa za michezo ziliandika mabao na makocha. Hata hivyo, kwa Mkoa wa Rukwa msimu ule ulikuwa na maana kubwa zaidi. Prisons, timu yenye maskani yake Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga, ilikuwa imeufanya mji huo kuwa nyumbani kwake. Biashara nzima ya Ligi Kuu ikapanda kwenye uwanda wa juu wa Ufipa: uuzaji wa tiketi, ulinzi wa milangoni, mapokezi ya timu ngeni, mabango ya wadhamini na mgawanyo wa mapato.

Baadaye Prisons walirejea Mbeya na biashara hiyo ikaondoka nao. Kilichopaswa kubaki ni watu waliojifunza kuiendesha, na hapo ndipo unapoanza udhaifu wa namna Tanzania inavyowaandaa wasimamizi wa biashara ya michezo.

Haja ya wasimamizi hao si jambo la kubishania tena. Mei 2021, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) na Azam Media walitiliana saini mkataba wa haki za matangazo ya televisheni wenye thamani ya Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10, yaani wastani wa zaidi ya Sh bilioni 22 kwa mwaka. Aidha, kanuni za leseni za klabu za Shirikisho la Soka Afrika (CAF) zinaitaka klabu kuwa na ofisi inayoeleweka, mtu wa fedha, ofisa habari na ofisa usalama. Nafasi hizo zinahitaji watu wenye taaluma, si wapenzi wa timu wanaojitolea jioni baada ya kazi zao.

Vyuo vya kuwaandaa vipo. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba mkoani Mwanza, kinafundisha uongozi na utawala wa michezo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Mwanafunzi hufundishwa darasani namna ya kupanga bajeti, kuandaa mashindano na kutafuta wadhamini, kisha hutakiwa kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, maarufu kama fildi.

Tatizo ni kwamba fildi na msimu wa ligi havikutani. Katika vyuo vikuu vingi nchini, mafunzo hayo hufanyika wakati wa likizo ndefu, kati ya Julai na Septemba. Ligi Kuu kwa kawaida huanza Agosti na kumalizika Mei au Juni mwaka unaofuata. Kwa hiyo mwanafunzi anayeripoti kwenye klabu Julai huikuta ikiwa kwenye usajili wa wachezaji, kazi ambayo viongozi huifanya kwa siri na ambayo mgeni wa wiki nane haruhusiwi hata kuisogelea. Ligi inapoanza kuchanganya, yeye amekwisha kurudi darasani.

Ni kweli kwamba mwanzoni mwa msimu klabu kongwe huwa na sherehe kubwa, Simba Day kwa upande wa Msimbazi na Wiki ya Mwananchi kwa upande wa Jangwani, na shughuli hizo ni mafunzo ya kutosha kwa yeyote anayepata nafasi ya kuzitumikia. Lakini hizo ni klabu mbili, katika jiji moja, na nafasi zake haziwezi kuwatosha wanafunzi wote. Wengi huishia kwenye ofisi ambako kazi yao ni kupanga mafaili na kusubiri sahihi ya msimamizi.

Miezi hiyo hiyo hali ni tofauti vijijini. Mwimbi ni kata katika Wilaya ya Kalambo, wilaya ya Rukwa inayopakana na Zambia. Kwenye uwanda wa Ufipa mvua hukatika mwishoni mwa masika, mahindi huvunwa, na kiangazi kinapoingia viwanja huwa vikavu na wakulima huwa na fedha kidogo mifukoni. Huo ndio wakati wa mashindano ya kata, yale ya kombe la diwani, la mbunge au la mfanyabiashara wa mazao, yenye zawadi za ng'ombe, mbuzi, jezi na mipira.

Kwa jicho la mjini hayo ni mabonanza tu. Kwa mwanafunzi wa biashara ya michezo, kombe la kata lina kila kitu kilichomo kwenye Ligi Kuu, kwa kiwango ambacho mtu mmoja anaweza kukiona chote. Kuna mdhamini anayetaka jina lake lionekane, ada za kushiriki, ratiba, waamuzi wa kulipwa, wachezaji mamluki kutoka kata jirani, wauza vinywaji wanaotaka eneo, na fedha ambazo siku ya fainali kila mtu huuliza zimekwenda wapi.

Swali hilo la mwisho ndilo zito. Timu za vijana huchangishana ili zilipe ada, na pale hesabu zisipotolewa, mwaka unaofuata hazirudi. Kombe hufa, na vijana hukosa jukwaa la kuonekana. Mwanafunzi aliyefundishwa kuandika bajeti, kutoa risiti, kuandaa mkataba wa ukurasa mmoja na kusoma mapato na matumizi hadharani anaweza kuliokoa kombe kama hilo kwa wiki nane.

Si hoja mpya kwamba soka ya mitaani inaweza kuwa biashara. Ndondo Cup ya Dar es Salaam ilitokana na mechi za mchangani, ikapata wadhamini na kurushwa kwenye televisheni. Kilichoibadili ni uandaaji.

Wapo watakaosema kombe lisilo na mikataba wala vitabu litamfundisha mwanafunzi uzembe. Hofu hiyo ina msingi iwapo atapelekwa na kutelekezwa. Ndiyo maana kila mwanafunzi anapaswa kwenda na kazi iliyoandikwa, chini ya ofisa utamaduni na michezo wa halmashauri, na kupewa alama kwa hesabu alizofunga badala ya siku alizohudhuria. Vilevile, nauli ya kwenda Kalambo si ya kubeza, na mratibu wa kombe anayenufaika na kazi yake anapaswa walau kumpatia malazi na chakula. Bila hivyo mafunzo yatageuka kuwa kibarua kisicho na ujira.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvuvia. Wafipa, waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, wanaielewa methali hiyo kuliko wengi. Ufundi ulipatikana kwa kukaa kwenye mviriba, si kwa kusimuliwa.

Septemba 27, 2023, CAF ilizikabidhi Kenya, Uganda na Tanzania fainali za Mataifa ya Afrika za 2027, na Agosti 2025 nchi hizo ziliandaa kwa pamoja CHAN. Mashindano hayo yatahitaji vijana wengi wa kazi za uwanjani, na wengi wao watachukuliwa pale mechi zinapochezwa. Lakini siku timu nyingine ya Ligi Kuu itakapoamua kuufanya Uwanja wa Nelson Mandela kuwa nyumbani, itamhitaji Sumbawanga mtu anayejua kuuza tiketi, kupanga walinzi na kufunga hesabu jioni ile ile. Mtu huyo anaweza kuanza kuandaliwa kiangazi kijacho, kwenye kombe la Kata ya Mwimbi.